Chanya Kushoto

Alfajiri hamsini pikipiki yangu haikusikia selfu.
Nikibonyeza inatoa "tik" moja,
kama mtu anayeguna usingizini,
kisha basi.
Mkono wa kiki ulivunjika mwaka juzi.
Namshukuru Mungu kwa mteremko wa Limbani
na kwa watoto watatu wa Bi Mwatime
walionisukuma kabla ya jua, peku,
mie na makasha yangu ya boflo,
mpaka injini ikohoe mbele ya skuli.
Ujira: boflo moja kila mmoja, ya moto.

Ubaya wa hesabu ni kuwa haisahau.
Boflo tatu, mia tatu tatu, mara hamsini:
elfu arubaini na tano.
Kumbe betri nimeshainunua,
imeliwa kwa chai.

Jumatano nikaifungua ile ya zamani.
Tumbo limefura, namba zimefutika,
tone moja la tindikali likaitoboa kanga yangu
katikati ya maneno; methali ikabaki bila mwisho.
Nikapima kisanduku kwa ukili:
fundo la urefu, fundo la upana, fundo la kimo.
Nikauzungusha ukili kidoleni,
nikaitia maiti kikapuni, nikashuka sokoni Wete.

Kwa Mbarouk spea zimening'inia kama nyama buchani.
"Pikipiki ya nani?"
"Yangu."
"Anayeiendesha?"
"Mie huyu unayemwona."
Akakohoa, akaniletea kubwa, ampea tisa.
"Hii ina nguvu, dada. Ukate plastiki kidogo tu, itaingia."
Nikashusha ukili. Fundo la upana likakataa.
Yakhe, nyumba haivunjwi kwa sababu ya kitanda.

Ya pili rahisi, elfu thelathini,
vumbi lake lingeotesha mchicha.
Nikaigeuza: imezaliwa miaka mitatu nyuma.
"Lakini haijatumika hata siku moja!"
Ndiyo maana. Betri huzeekea kabatini,
kulala nako ni kazi.
Nikaomba mita. Ikasema kumi na moja na kidogo.
Mbarouk akaitazama mita
kama shahidi aliyemgeuka mahakamani.

Ya tatu nilikaribia kuilipia.
Kimo sawa, upana sawa, ampea tano,
inang'aa, imezibwa, haitaki maji.
Nimeshafungua fundo la pesa
ndipo nikaziweka mbili bega kwa bega:
ya kwangu chanya kushoto,
hii chanya kulia.
Na waya wangu mwekundu ni mfupi,
hautembelei majirani.
Mume wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo:
kila kipimo sawa,
upande tu ndio uliokosea.

Ya nne ikatoka chini ya meza, ndani ya karatasi.
Chanya kushoto. Kumi na mbili nukta saba.
Elfu hamsini na tano.
Nikataka apunguze; akataka nimwachie ile iliyokufa,
risasi ya tumboni ina wanunuzi wake.
Tukakutana kwenye arubaini na nane
na risiti yenye tarehe, kwa wino, si kwa mdomo.

Usiku nikaifunga mwenyewe kwa mwanga wa simu.
Chanya kwanza, hasi baadaye,
grisi kidogo vichwani.
Sikuijaribu. Majirani walikuwa wamelala,
na mie nilitaka kulala na siri yangu.

Alfajiri watoto wapo ukutani.
Nikabonyeza.
Ikaitika pale pale,
bila kikohozi, bila mteremko.
Nahoda akamtazama Rukia.
Mdogo wao, Shaame, mikono ilikuwa imeshashika kasha;
akaiondoa polepole, akaifutia kaptura.
"Leo hatusukumi?"

Nikazima.
Nikasema, "Betri mpya haijazoea.
Hebu, mpaka skuli tu."
Wakainama wote watatu.

Mteremko ule, wallahi, ni mfupi.
Nikakanyaga breki kidogo.